SOMO LA FAMILIA: Kumfundisha Mtoto Nyumbani, na Karama Iliyo Ndani Yake

Masomo ya kusoma pamoja: Kutoka 2:1-10, Kutoka 31:1-6, Danieli 1:1-17, 2 Timotheo 1:5

  

Somo hili ninaliandika kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Mwaka jana nilihubiri juu ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6, pale wazazi wanapoagizwa kuwafundisha watoto wao neno la Mungu wakiwa wameketi nyumbani na wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Nikasema kwa nguvu kwamba nyumba ni shule. Watu wakaitika Amina, nami nikarudi nyumbani nimefurahi, kama wahubiri tunavyofurahi tukisikia Amina nyingi.

Miezi michache ikapita. Siku moja, saa nne za asubuhi, siku ya masomo, nikaenda kutembelea familia moja ya kanisa letu. Nikamkuta binti wao wa miaka 12 amebeba mdogo wake mgongoni, na mbele yake sinia ya ndagala za kuuza. Nikamwuliza mama yake, "Mama, mbona huyu hayuko darasani?" Akanijibu kwa heshima kabisa, "Pasteri, si ninyi mlisema nyumba ni shule? Basi sisi tunamfundisha hapa hapa."

Nilikosa la kujibu. Nikamgeukia yule binti, nikamwuliza amejifunza nini wiki ile. Alinitazama, kisha akatazama sinia.

Sikumlaumu mama yule, wala ninyi msimlaumu. Ana watoto watano, baba yao hayupo, na ile sinia ndiyo inayowalisha. Lakini nilitambua kwamba nilikuwa nimesema nusu ya jambo nikaacha nusu, na ile nusu niliyoiacha imeangukia juu ya kichwa cha mtoto. Leo nataka kusema lililobaki.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi

Mtu anayekaa kwao, shule iko karibu, mwalimu anajua lugha ya mtoto, anaweza kuona kwamba kufundisha nyumbani ni jambo la watu wenye nafasi. Sisi si hivyo. Ninyi mlioko kambini watoto wenu wanafuata programu ya masomo ya Kongo, na hiyo ni neema. Sisi wa mjini watoto wetu wanaingia shule za Burundi pamoja na watoto wa wenyeji, na hiyo nayo ni neema, maana wenyeji wametupokea. Lakini mnajua yanayotokea siku ya kwanza. Madarasa ya chini hufundishwa kwa Kirundi, halafu Kifaransa kinachukua nafasi. Mtoto aliyekuwa mwaka wa sita kule Uvira au Bukavu anapimwa, anaonekana hajui lugha, anawekwa mwaka wa tatu, anakaa benchi moja na watoto wanaomfikia kiunoni. Akili yake ni ya mwaka wa sita, lakini mdomo wake umefungwa.

Halafu kuna wale waliovuka Rusizi mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipoanguka. Wengi walivuka na nguo walizovaa tu. Wengine walilala nje, wengine uwanjani Rugombo, kabla ya kupelekwa Musenyi upande wa Rutana. Katika hali ya namna hiyo hakuna anayekuuliza kuhusu kalenda ya shule. Miezi inapita. Mzazi hapo hana mambo mawili ya kuchagua: ama mtoto afundishwe pale chini ya shitingi, ama asifundishwe kabisa.

Mimi mwenyewe niliyaonja hayo. Vita vilipofika Uvira mwezi wa kumi 1996 nilikuwa kijana wa shule, na masomo yakaisha siku ileile. Baba yangu alikuwa amebeba Biblia moja ya Kiswahili na kitabu cha hesabu kisicho na jalada. Kila jioni alitusomesha kwa zamu kwa sauti, kila mtoto aya zake, na mdogo wetu aliyekuwa hajui kusoma alitakiwa kurudia kwa kichwa yale aliyoyasikia. Hesabu tulizifanya kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku. Sikupata cheti chochote kwa muda ule wote. Lakini niliporudi darasani sikuwa nimesahau kusoma, na wenzangu wengi walikuwa wamesahau. Baba hakuwa mwalimu. Alikuwa mkulima aliyesoma mpaka mwaka wa nne.

Musa na Danieli walifundishwa wapi?

Fungueni Kutoka sura ya 2. Mama yake Musa anamweka mtoto kwenye kisafina, binti Farao anamwona, na dada wa mtoto anakimbia kumwita mama yuleyule awe mlezi. Tazameni ajabu hii: mama analipwa mshahara na nyumba ya Farao ili amlee mtoto wake mwenyewe! Hakupewa miaka mingi. Mtoto alipokua alimpeleka kwa binti Farao, na toka hapo Musa akasomeshwa na Wamisri. Stefano anasema katika Matendo 7:22 kwamba Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Kwa hiyo alikuwa na shule mbili, ile ya kwanza fupi, chumbani kwa mama mtumwa, na ile ya pili ndefu, ikulu. Alipoona Mwebrania anapigwa, alijua huyo ni ndugu yake. Hilo hakulipata ikulu.

Sasa Danieli, maana huyu ni mkimbizi kama sisi, au tuseme mateka. Alichukuliwa Babeli akiwa kijana, akapangiwa miaka 3 ya masomo kwa lugha ya Wakaldayo, hata jina lake likabadilishwa. Je, alikataa lugha ile? Hapana. Aliisoma mpaka akawapita wenyeji. Alichokataa ni chakula cha meza ya mfalme. Nani alimfundisha mahali pa kukubali na mahali pa kukataa? Biblia haimtaji mwalimu wala haitaji wazazi, lakini kijana hafiki Babeli na jambo kama hilo moyoni pasipo mtu kuliweka kule nyumbani.

Hapa nina neno kwa baadhi yetu. Nimesikia wazazi wakisema mbele ya watoto, "Hii Kirundi ya nini? Sisi tunangoja kwenda Marekani." Mpendwa, wapo watu waliongoja miaka 15 na bado wanangoja. Mtoto anayesikia maneno hayo jioni, asubuhi anaenda darasani masikio yameziba. Kumfundisha nyumbani maana yake si kumfundisha kuidharau shule. Mwenye nyumba amekupa kiti; jifunze kumsalimu kwa lugha yake.

Fundi aliyejazwa Roho

Turudi Kutoka, sura ya 31. Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli kwa jina lake, akamjaza Roho wa Mungu. Sisi tukisikia mtu amejazwa Roho tunatazamia mahubiri au unabii. Bezaleli alipewa ustadi wa kufua dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchonga mti. Na katika sura ya 35, mstari wa 34, tunaona kwamba alipewa pia moyo wa kuwafundisha wengine.

Wale walikuwa watu waliotoka utumwani juzi tu. Utumwani kwa Farao kazi yao ilikuwa matofali. Nani aliona kwanza kwamba mikono ya kijana huyu si ya matofali tu? Nafikiri ni mtu wa nyumbani mwake, ingawa hilo ni wazo langu, si andiko.

Naleta hili kwa sababu ya mwanangu wa tatu, na sasa natubu mbele yenu. Tulipohamia hapa mjini aliwekwa madarasa mawili chini. Akawa kimya. Mtoto aliyekuwa akiongea mpaka tunamnyamazisha, akawa anarudi, anaweka daftari chini, anatoka nje. Huko nje alikuwa akiokota nyaya, vizibo vya chupa na kandambili zilizokatika, akitengeneza magari. Mimi niliona anapoteza wakati. Siku moja dikte ya Kirundi ilirudi na alama 2 juu ya 20, nikachukua nyaya zake zote nikazitupa chooni. Nikamwambia mtoto wa mchungaji hachezi na takataka. Hakulia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakulia.

Mama Pasteri hakunijibu kitu usiku ule. Kesho yake alimletea mtoto waya mpya kutoka sokoni, akaketi naye karibu na mbabula, akamwambia, "Nieleze usukani unavyogeuza tairi za mbele." Yule mtoto akaongea. Akaongea mpaka sombe ikaungua. Alipomaliza, mama akampa bik na karatasi, akasema, "Sasa yaandike hayo uliyoniambia, maana nitasahau." Akaandika ukurasa mzima kwa Kiswahili, mtoto ambaye shuleni hakuweza mistari minne. Wiki iliyofuata wakaandika tena ukurasa uleule kwa Kifaransa, maneno mengine wakimwuliza jirani. Baadaye dada mmoja Mrundi wa chumba cha pili akawasaidia kuuandika kwa Kirundi. Waya mmoja, lugha tatu. Mimi niliyesoma chuo cha Biblia sikuwa na akili hiyo.

Mnajua Buyenzi ni mji wa mafundi, kila avenyu ina garaji. Nilimwomba fundi mmoja, Mwislamu, jirani mwema, amruhusu kijana akae karibu naye Jumamosi, asishike kitu mpaka aambiwe. Sasa ni mwaka wa pili. Msifikiri nawaletea ushuhuda wa muujiza. Dikte ya Kirundi bado inamsumbua, na muhula uliopita alipata 9 juu ya 20. Lakini anaongea. Na katika hesabu amewapita wote wa nyumba yetu, pamoja na baba yake.

Shuleni wasingeweza kuliona hili, nami simlaumu mwalimu. Mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati anaona mikono iliyoinuliwa tu. Mtoto asiyejua lugha hainui mkono. Nyumbani kuna watoto watano au sita, na mzazi ana macho mawili. Hiyo ndiyo nafasi ambayo nyumba inayo na shule haina, hata shule ya matajiri.

Mama mmoja wa Uingereza

Wengi wetu tumesikia habari za John Wesley, ambaye kazi yake ndiyo iliyozaa makanisa ya Wamethodisti, na za ndugu yake Charles aliyetunga maelfu ya nyimbo. Mama yao aliitwa Susanna, alizaliwa mwaka 1669. Mumewe alikuwa kasisi katika mji mdogo wa Epworth, na madeni yake yalimfikisha gerezani. Susanna alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wakiwa wachanga au wadogo. Waliobaki aliwafundisha yeye mwenyewe nyumbani, saa tatu asubuhi na saa tatu mchana. Mtoto alianza kufundishwa herufi akitimiza miaka 5, na siku hiyo nyumba nzima ilipangwa kwa ajili yake.

Mwezi wa pili 1709 nyumba yao iliteketea usiku. John, mtoto wa miaka 5, aliokolewa kupitia dirishani dakika ya mwisho. Familia ikatawanyika, watoto wakagawanywa katika nyumba za watu. Walipokusanyika tena katika nyumba mpya, mama aliona kwamba tabia nyingi alizowajenga zimeharibika: wamejifunza maneno mabaya, wamezoea kucheza tu. Nani kati yetu hajui jambo hilo? Watoto wako wamekaa miezi minne kwa watu, wanarudi si wale uliowaacha.

Alifanya nini? Alianza upya, na akaongeza jambo moja. Alimpa kila mtoto jioni yake katika wiki, wakae wawili, mtoto aseme yaliyo moyoni. Jioni ya John ilikuwa Alhamisi. Alipokuwa mtu mzima bado aliikumbuka Alhamisi ile.

Na kuna kanuni yake nyingine aliyomwandikia John mwaka 1732, ambayo natamani ibandikwe kwenye kila mlango wetu: binti asipewe kazi za mikono mpaka awe amejua kusoma vizuri. Aliona kwamba wengi wanawaharakisha mabinti kwenye kushona kabla ya kusoma, ndiyo sababu wanawake wengi hawasomi vema maisha yao yote. Miaka karibu 300 imepita tangu barua ile. Tazama ua wako, uone ni nani anayechota maji wakati kaka yake anasoma.

Jinsi ya kuanza

Anza na saa moja. Sisemi siku nzima, maana hatuna. Baada ya chakula, kabla giza halijawa nene, au kwa taa kama unayo. Saa hiyo iwe ileile kila siku, hata kama kuna mgeni. Mgeni naye asikilize.

Kusoma kwanza. Tumia lugha ambayo mtoto anaota nayo ndoto, iwe Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge, kisha vuka kwenda nyingine. Aliyekwisha kujua kuunganisha silabi katika lugha moja hajifunzi kusoma mara ya pili, anajifunza maneno mapya tu. Kata boksi la sabuni vipande vidogo, andika ba, be, bi, bo, bu kwa mkaa au bik, mtoto ayapange awe anaunda maneno. Mkubwa amfundishe mdogo, na hapo wote wawili wanajifunza, maana huwezi kueleza usichokielewa.

Mama mmoja wa kwaya aliniambia, "Pasteri, mimi sijui kusoma, nitafundisha nini?" Nikamwambia: mtoto akusomee, wewe uliza. Nani alifanya hivi? Kwa nini? Wewe ungefanyaje? Timotheo alipata imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Paulo anawataja kwa majina. Hatuambiwi kama walijua kuandika. Hadithi za jioni, methali, vitendawili, nasaba ya ukoo, majina ya mito na milima ya kwetu, hayo yote yamo kichwani mwako, na mwalimu wa shule hayana. Ukifa nayo, yamekwisha.

Hesabu zipo sinia ile ile ya ndagala. Tuseme umenunua kwa faranga 30,000, ukapata mafungu 20, unauza kila fungu 2,000. Jumla ni 40,000, faida 10,000. Lakini ulilipa usafiri 2,000, kwa hiyo 8,000. Na kama mafungu matatu yaliharibika kwa mvua? Mtoto wa mwaka wa nne aifanye hiyo kwa daftari, si kwa vidole, na aandike kila siku.

Halafu acheni nafasi ya mikono na sauti. Hapa wazazi wengi wanaogopa kama nilivyoogopa mimi. Yule anayegonga bidon mpaka unaumwa kichwa, mpeleke kwa mwalimu wa kwaya ajifunze do re mi, aone kama kuna kitu. Yule anayechora ukutani, mpe upande wa pili wa makaratasi yaliyotumika. Anayekaa na wagonjwa bila kutumwa, anayesuluhisha wenzake wakigombana, anayeshona nguo za mwanasesere kwa vitambaa vya fundi: hizo nazo ni karama. Usimchagulie. Na usiharakishe kuigeuza karama yake kuwa pesa. Mtoto aliyeanza kuimba leo si lazima Jumamosi akaimbe harusini ili alete chakula.

Akina baba, msiwaachie akina mama hili. Kumbukumbu la Torati 6 haikuandikwa kwa akina mama peke yao. Najua wengi tunakaa bila kazi, na aibu hiyo inatufanya tutoke nyumbani asubuhi turudi usiku. Basi saa moja ile tuwe tumerudi.

Mipaka ya jambo hili

Sasa ile nusu niliyoiacha kwenye mahubiri. Nairobi zipo familia za Kikristo zinazowafundisha watoto wao nyumbani kabisa, bila shule. Wana vitabu, wazazi wamesoma sana, wana kompyuta, na hata hivyo wamekuwa na mivutano na serikali, kwa sababu sheria ya elimu ya msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ampeleke mtoto shule. Siwahukumu. Lakini sisi si wao. Mkimbizi ana karatasi chache sana duniani, na cheti cha shule ni mojawapo. Mtihani wa taifa haufanyiki karibu na mbabula. Mtoto mwenye karama kubwa asiye na cheti atakutana na milango ambayo haifunguki kwa karama.

Mnakumbuka Uganda. Shule zilifungwa mwezi wa tatu 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kikamilifu mwezi wa kwanza 2022, karibu miaka miwili. Tuna ndugu zetu Nakivale na Kyangwali. Nyumba ambazo wazazi walikaa na watoto jioni na kufuata vipindi vya redio, watoto wao walirudi darasani. Lakini wengine wengi hawakurudi. Wavulana walikuwa wamezoea pesa ya vibarua, wasichana wengi walikuwa wameshika mimba au wameolewa. Wote hao walikuwa nyumbani. Kuwa nyumbani si kufundishwa nyumbani.

Kwa hiyo nasema wazi, ili asiwepo tena wa kunitaja vibaya: mtoto aliye na shule aende shule, binti kama mvulana. Shule ya msingi ya serikali hapa Burundi haina ada tangu 2005, ingawa tunajua daftari, sare na viatu vina gharama. Asiye na shule bado, kwa sababu amefika jana au karatasi zake hazijatoka, huyo afundishwe nyumbani kila siku huku mzazi akifuatilia nafasi yake bila kuchoka. Na wote wawili wawe na ile saa ya jioni.

Mkiniuliza habari za yule binti wa ndagala: akina mama wanne wa avenyu yao wamepanga zamu ya kumlea yule mdogo asubuhi, kila mmoja siku yake, na siku ya tano ni ya Mama Pasteri. Direkta wa shule alimpokea tena mwezi wa kwanza, darasa lilelile. Mama yake sasa anauza peke yake, na kipato kimepungua, hilo tusilifiche. Jioni binti anamwandikia mama hesabu kwenye daftari. Wiki ya tatu aligundua kwamba mafungu madogo, yale ambayo mama aliyauza kwa bei ya chini ili yaishe haraka, yalikuwa yanamla faida yote. Mama akacheka mpaka akatoa machozi. Kama atafaulu mwaka huu sijui, amekosa miezi mingi. Kamati ya diakonia imemnunulia madaftari mpaka mwisho wa muhula, na kuna watoto wengine saba kwenye orodha ambao bado hawajapata.

Maswali ya kujadiliana katika familia na katika seli

Kila mtoto wa nyumba yako, mtaje kwa jina: anapenda kufanya nini asipotumwa na mtu? Kama hujui, nani anajua?

Katika Danieli 1, vijana walikubali nini na wakakataa nini? Je, sisi tunawafundisha watoto wetu kukataa yapi, na tunawapa sababu gani?

Je, kuna mtoto wa umri wa shule katika nyumba yako, au kwa jirani, ambaye asubuhi hayuko darasani? Sababu ni ipi, na seli yenu inaweza kuchukua siku moja ya wiki kusaidia?

Wababa tu: ni jioni ngapi wiki iliyopita ulikuwa nyumbani kabla watoto hawajalala?

Viongozi wa seli walete majibu ya swali la tatu kwa maandishi, Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya ibada. Msiandike majina ya watoto hadharani, nipeni mkononi. Aliye na mabaki ya boksi, chaki au daftari lililotumika upande mmoja, ayaache kwa Mama Pasteri au kwa katibu wa kanisa.